Kwenye Cheti, Baba Yangu Ni Kaka wa Mama

Mpendwa Bi Rehema,

Shikamoo. Naomba unisaidie kufikiri, kwa sababu mwenyewe nimefikiri mpaka kichwa kimegoma, na kila ninayemuuliza ananicheka kwanza ndipo anijibu, na wengine wakishacheka hawajibu tena.

Naitwa Happiness, mkazi wa Bigwa hapa Morogoro, nina stashahada ya kilimo na kazi yangu ni kupanda milimani kwa wakulima wa mboga upande wa Mgeta, ambako ndiko nilikozaliwa, kuwaelekeza namna ya kuchagua na kutunza mbegu, na mwaka huu nimechaguliwa kwenda India kwa mafunzo ya mbegu za mboga, mambo ya nauli na malazi ni juu ya waandaaji, mimi ninachotakiwa kuwa nacho ni pasipoti peke yake, na nilipoambiwa hivyo nilijua nimeshafika India. Majina yetu yaandike tu gazetini usiyafiche, maana ninachokuletea si siri, milimani kila mtu anakijua, na hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote.

Mama yangu mzazi, Bernadeta Laurenti, alifariki nikiwa darasa la tano. Aliyenilea ni kaka yake, mjomba Yakobo Laurenti, na hapa inabidi nieleze kidogo kwa ajili ya wasomaji wako wa mikoa mingine, kwamba sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, ukoo wangu, lukolo kama tunavyouita wenyewe, ni ule wa mama, kipande cha shamba ninacholima kule juu ni cha mama na kabla yake cha bibi, na mwanamume mwenye kauli juu yangu ni mjomba, yeye ndiye atakayekaa mkekani siku nikiposwa, na nikiharibu yeye ndiye anayeitwa. Baba yupo, anajulikana na anaheshimiwa, lakini mambo ya mtoto yakifika pagumu anayetafutwa ni mjomba. Basi siku ya kuniandikisha darasa la kwanza, mama akiwa hai na amekaa palepale, mwalimu alipouliza jina la baba mjomba alitaja lake, nikawa Happiness Yakobo, na miaka mingi baadaye mama akiwa hayupo tena tulipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa ili niombe chuo, akataja lake tena, nami nimesimama pembeni yake nasikia, na sikuona kasoro yoyote, kwangu ilikuwa sawa na kusema kwamba mvua imenyesha.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Fomu ya pasipoti niliijaza mtandaoni, nikaichapisha, nikaambatanisha kila kilichotakiwa, nikavaa vizuri, nikaenda. Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mpole, anasoma polepole na kidole chake kinafuata mistari, akafika kwenye cheti cha kuzaliwa kidole kikasimama. Akaniuliza huyu Laurenti wa upande wa baba na huyu Laurenti wa upande wa mama ni watu wawili au mmoja, nikamwambia ni mmoja, ni babu yangu mzaa mama. Akaondoa miwani.

"Kwa hiyo baba yako na mama yako ni mtu na kaka yake?"

"Ndiyo," nikamjibu, tena kwa kujiamini, kama mwanafunzi aliyepata swali alilolisoma jana.

Bi Rehema, ofisi nzima iligeuka kunitazama. Kuna baba mmoja kwenye benchi alikuwa anapepea uso kwa bahasha yake, akaacha. Hapo ndipo nami niliposikia nilichokisema, nikaanza kucheka kwa aibu, nikaanza kueleza habari za mjomba na ukoo na darasa la kwanza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Yule mama hakunifokea. Alisema hanikatalii pasipoti, ila hawezi kupokea maombi yenye baba ambaye mwenye maombi mwenyewe anasema siye aliyemzaa, nikarekebishe cheti kwanza, nilete na viapo vya wanaojua ukweli, halafu nirudi. Akanitazama kidogo akaongeza kwamba yeye kwao ni Kagera na katika kazi yake ameona mengi, lakini hili hakuwahi.

Nilitoka pale najiuliza maswali badala ya kulia. Cheti hiki nimekipitisha shuleni, chuoni, kazini, na mimi mwenyewe nimekisoma mara ngapi sijui, iweje nisilione jambo ambalo mtu wa Kagera ameliona kwa kidole kimoja, na nani aliyeamua kwamba fomu iwe na nafasi ya baba na nafasi ya mama lakini isiwe na nafasi ya mjomba, na huyo aliyeamua kama angezaliwa Mgeta angeamua vilevile?

Jumamosi iliyofuata nikapanda mlimani. Nilimkuta mjomba mtoni anaosha karoti na wenzake, nikamwamkia, nikakunja sketi nikaanza kumsaidia, na sikuweza kusubiri tufike nyumbani, nikamwambia palepale kwamba serikali inasema wewe si baba yangu, na kwamba anatakiwa aende kuapa hivyo. Wenzake wakajifanya hawasikii. Yeye aliendelea kusugua karoti ileile mpaka nikaona itakwisha, ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Hicho kiapo nikikitia kidole, nimekukana. Mwana wa dada yangu, nimekukana mbele ya serikali. Siku nikifa watakuuliza wewe nani, hapa umefuata nini."

Nikajaribu kumweleza kwamba ni karatasi tu, akaniambia kama ni karatasi tu mbona imenipandisha mlima mzima. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Wakati naondoka alinifungia karoti za kwenda nazo mjini, akachagua zilizonyooka kama anavyonichagulia siku zote, na hilo liliniumiza kuliko angenitukana.

Baada ya hapo nikaenda kwa baba yangu wa kunizaa, mzee Dadi, ni fundi cherehani Mafiga, hapahapa mjini, ni Mwislamu, yeye na mama hawakufunga ndoa kwa sababu ya dini na mambo ya wakubwa ambayo sikuwahi kuelezwa yote, lakini kila Januari nilipokuwa nasoma alinishonea sare akaipeleka mwenyewe stendi, ipandishwe na gari la Mgeta. Nilidhani kwake mambo yatakuwa mepesi. Alinisikiliza mguu wake ukiwa juu ya cherehani, hakuushusha, hakushona.

"Wewe ni mwanangu, nakukubali popote nitakapoitwa," akasema. "Lakini niende kukaa kwenye nafasi ya mzee Yakobo bila ruhusa yake? Mtu kabeba mtoto mgongoni mlima mzima, mimi nitokee kule juu nimpokee ameshafika? Hilo siliwezi, mama."

Kwa hiyo mmoja hataki kutoka na mwingine hataki kuingia, na wote wawili wanakataa kwa sababu ya kunipenda, na mimi nimekaa katikati na tiketi ya India inanipungia mkono.

Hapo ndipo rafiki yangu Joyce alipoguswa na shida yangu akanikutanisha na mwanamume mmoja wa mjini anayejua kutengeneza mambo, akasoma cheti changu akatabasamu, akasema tatizo langu si baba, tatizo ni mama. Anasema atanitolea cheti kingine ambacho mama si Bernadeta Laurenti bali Bernadeta mwingine, jina lolote nitakalopenda, mradi lile la Laurenti litoke, basi mjomba atabaki baba yangu kama alivyo, mzee Dadi hatasumbuliwa, afisa hataona ndugu wawili, na mama mwenyewe kwa kuwa ni marehemu hatalalamika. Sitakuficha, nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilishaanza hata kufikiria jina. Ila nilipolitamka kwa sauti, Bernadeta Fulani, nikaona kama namwita jirani.

Sasa nakuuliza, je, kuna ubaya gani kama hakuna aliye hai atakayeumia, na kama kuna ubaya nifanyeje na wazee wawili waliogoma kwa heshima, na je, jina la Yakobo ambalo liko kwenye vyeti vyangu vyote nitanyang'anywa, na zaidi ya yote, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza na swali hili haliniachi nilale, hivi serikali ikiuliza baba yako ni nani inataka kujua nini hasa? Mafunzo yanaanza masika yakiisha. Naomba unijibu mapema.

Wako mwenye kuchanganyikiwa,
Happiness, Bigwa, Morogoro.

*

Happiness, marahaba.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikairudia nikaacha kucheka. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu mtoto ni wa baba na mambo yamekwisha, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilikwenda kwa jirani yangu Martina, ambaye ni Mluguru wa Matombo, nikamsomea pale mjomba alipotaja jina lake mbele ya mwalimu. Nilitegemea acheke. Aliendelea kuchambua mchicha wake, akaniuliza, "Sasa walitaka aandikwe nani?" Ndipo nikaelewa kwamba mjomba wako hakudanganya mtu. Aliulizwa nani anasimama kwa ajili ya huyu mtoto, au ndivyo alivyolisikia swali moyoni mwake, akasimama. Mwanamume wa namna hiyo mshukuru Mungu umempata.

Lakini fomu si Mluguru, mwanangu, na si mtu wa Tanga pia. Nitakujibu swali lako la mwisho kwanza kwa sababu ndilo lililonifanya nimpigie simu wakili ninayemsumbua kila nikipata barua ngumu. Nilimuuliza kama ulivyoniuliza: serikali inataka kujua nini? Akasema pasipoti ni nchi yako kuwaambia wenye nchi nyingine kwamba huyu ni wetu, na uraia wa mtu hufuatiliwa kwa waliomzaa, wapi walizaliwa, wao walikuwa raia wa wapi. Ndiyo maana wanauliza mama na baba. Hawaulizi nani alikupeleka shule wala nani alikuchagulia karoti zilizonyooka. Si kwamba wanayadharau hayo, ila hayo hayaonyeshi uraia. Nikamuuliza, je, mlezi hana nafasi kabisa? Akasema anayo, mtoto akiwa mdogo mtu anaweza kumwasili mahakamani, yaani kumfanya mwanawe kisheria, na amri ya mahakama inakuwa na nguvu kwenye kumbukumbu. Mjomba wako hakufanya hivyo, na hakuna wa kumlaumu, maana kwake kumwasili mwana wa dada yake kungekuwa kituko, amwasili mtoto ambaye tayari ni wake? Sasa wewe ni mtu mzima, mlango huo umefungwa, na kumbukumbu inabaki kumtaka aliyekuzaa.

Kuhusu yule mama wa Kagera na kidole chake, usijione mjinga. Wewe ulikuwa unasoma kile unachokijua, yeye alikuwa anasoma kilichoandikwa. Angekuletea cheti cha kwao wewe ndiye ungeshangaa.

Sasa nikugombeze.

Huyo mwanamume wa mjini futa namba yake leo, usisubiri kesho, na Joyce mwambie nimesema asikutafutie watu tena. Kutoa maelezo ya uongo kwenye maombi ya pasipoti ni kosa la jinai. Cheti cha kuzaliwa si karatasi inayojitegemea, nyuma yake kuna kumbukumbu, na siku kumbukumbu ikifunguliwa watakaokuta mambo hayalingani hawatamtafuta yeye, watakutafuta wewe uliyeweka saini. Unataka India ukose, na kazi yako ya kupanda milimani ukose pia?

Na hayo nimeyasema kwa ajili ya wasomaji wengine. Kwa ajili yako nina neno moja zaidi. Unalalamika kwamba sheria inataka kumtoa mjomba kwenye cheti, halafu unakaa kitandani unamtafutia mama yako jina jipya. Mjomba Yakobo amekuwa mjomba wako kwa njia ya nani? Shamba unalolima ni la nani? Huo ukoo unaotuelezea kwa raha zako umeupata kwa nani kama si kwa huyo Bernadeta binti Laurenti unayetaka kumfuta? Ukimtoa yeye, Yakobo anabaki mzee tu wa Mgeta anayekupa mboga. Unamwokoa mjomba kwa kumtupa dada yake, na unauliza ni nani atakayeumia. Ulipolitamka lile jina la uongo kwa sauti likakukataa, ulikuwa umeshajijibu, ila uliogopa kujisikiliza. Nimekasirika nilipofika hapo, nakwambia wazi, kisha nikakuhurumia, kwa sababu mtoto aliyefiwa na mama darasa la tano si wa kugombezwa sana.

Tuje kwa wazee. Huko nako umeharibu. Mtu amepinda mgongo mtoni, wenzake wapo, wewe unafika na kumwambia serikali inasema yeye si baba yako. Ulitaka akushangilie? Serikali haikusema hivyo. Umeandika mwenyewe kwamba afisa alisema hakatai, alitaka tu ukweli wa nani alikuzaa. Maneno ya kumwondoa mjomba yalikuwa yako, na mzee amejibu yale uliyomwambia.

Halafu baba yako Mafiga amekuwekea jibu mkononi ukapita nalo. Amesema hawezi bila ruhusa ya mzee Yakobo. Hakusema hawezi. Basi aende kuiomba. Si wewe umpelekee salamu, ni yeye apande gari lilelile lililokuwa linapandisha sare zako, afike Mgeta kwa miguu yake, amwamkie mzee, akae chini. Na kwa kuwa ni fundi na kule juu kuna baridi, sidhani kama atakwenda mikono mitupu. Wewe nenda naye, lakini ukifika kaa jikoni na unyamaze. Najua kunyamaza kwako ni kazi, maana mtu wa kuuliza kama wewe hakosi la kuongeza, ila siku hiyo jikaze.

Wakielewana, mambo ya karatasi ni mepesi kuliko unavyoogopa. Kiapo cha mjomba kinaandikwa kwa wakili au mahakamani, na hapa sikiliza vizuri, hakitakiwi kusema "mimi si baba wa Happiness" na kuishia hapo kama mtu anayekimbia deni. Mwambieni wakili aandike kwamba yeye ni Yakobo Laurenti, kaka wa tumbo moja wa marehemu Bernadeta Laurenti, mjomba wa Happiness, kwamba ndiye aliyemlea na kumsomesha, na kwamba alitaja jina lake kama mlezi kwa mila za Kiluguru, wakati mzazi wa kiume ni Dadi. Hayo yote ni kweli tupu, na yote yanaandikika. Mzee Dadi naye aape cha kwake kwamba ndiye baba mzazi, aambatanishe cheti chake cha kuzaliwa, na kama hana, kama wazee wengi wasivyo nacho, aulize kiapo cha namna gani kitafaa. Nenda parokiani kwenu uombe cheti chako cha ubatizo, maana siku ulipobatizwa mama alikuwepo na huenda alitaja majina tofauti. Cheti cha kifo cha mama kama hujawahi kukifuatilia, kianze sasa. Vyote hivyo vipeleke ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya wilaya, uombe marekebisho ya jina la baba, na kabla hujapanga foleni uliza wanataka nini hasa, maana taratibu hubadilika na mimi si kitabu cha sheria. Cheti kikirekebishwa, kitambulisho chako cha taifa nacho kifuate, visije vikapishana tena ukarudi kwa yule mama wa Kagera na kituko kipya.

Waandikie leo hao wa India uwaeleze kwamba pasipoti inachelewa na kwa nini. Wanaweza kukusubiri, wanaweza kukupeleka mwaka ujao, na wanaweza kukukosesha kabisa. Likitokea hilo utalia, nami nitasikitika na wewe, lakini ni afadhali safari ikupite kuliko usafiri kwa jina la mama wa kubuni.

Limebaki swali la jina, na hilo sitakujibu wewe. Umeandika kwamba gazeti hili halifiki Mgeta? Hukuandika, lakini nafahamu halifiki. Kwa hiyo kipande cha chini kikate kwa mkasi, kiweke kwenye pochi, na siku mkishakula na mzee Dadi ameshasema lake, toka jikoni umsomee mjomba wako polepole.

Mzee Yakobo, shikamoo. Mimi ni Rehema, mwandishi wa gazeti, mtu wa Tanga. Mtoto wako ameniandikia akiwa na hofu kwamba anataka kukuvua kitu. Nimeuliza kwa wanaojua, na hiki ndicho nilichoambiwa. Jina la baba na jina la mtoto yameandikwa sehemu mbili tofauti. Pale kwenye baba ataandikwa Dadi, kwa sababu alimzaa, naye amekuja leo kukuomba. Lakini mtoto hatabadilishwa jina. Shuleni alikuwa Happiness Yakobo, chuoni Happiness Yakobo, na wakili anasema akieleza vizuri na viapo vyenu vikiwepo, hana sababu ya kuliacha. Ile pasipoti yenyewe, mzee, ukiifungua, haina mahali pa baba wala mama. Ina picha yake na jina lake. Jina la Dadi litakaa ofisini kwenye kumbukumbu, la kwako litasafiri. Huko India, nchi ya watu ambao hawajui Mgeta iko wapi, afisa atafungua kile kitabu aite kwa sauti, na binti wa Bernadeta atanyanyuka aitike. Afisa ataita Yakobo.

Tunachokuomba ni kidole chako kwenye karatasi inayosema wewe ni mjomba wake. Cheti hakikuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Kiapo kinayo.